Nyaya za Stima: Zipite Juu au Zifukiwe Chini?

Kila mara laini mpya ya stima inapopimwa katika skimu, wakulima huuliza swali moja. Kwa nini nyaya zisipitishwe chini ya ardhi kama mabomba ya maji, badala ya kusimamishiwa nguzo mashambani? Wamefika Nairobi na Mombasa, wakaona kwamba katika mitaa ya katikati ya mji nyaya nyingi zimefukiwa. Basi wanauliza kama heshima hiyo ni ya watu wa mjini peke yao.

Swali hili ni la haki, nalo lafaa lijibiwe kwa urefu. Mkulima akiamua bila kujua sababu anaweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kisichomfaa, au akakubali nguzo mahali ambapo zitamzuia yeye na watoto wake kwa miaka 30 au 40. Jibu letu ni hili: katika sehemu kubwa ya skimu nyaya zafaa kupita juu, kuna vipande vifupi ambavyo yafaa vifukiwe, na jambo la kushindania zaidi si juu wala chini, bali ni njia ambayo nyaya zitafuata.

Hewa haiuzwi

Tazama laini ya volti 11,000 ipitayo kando ya barabara ya skimu. Waya unaouona pale juu kwa kawaida ni waya mtupu wa alumini, hauna ganda lolote. Kinachoizuia stima isitoke ni hewa iliyouzunguka waya, pamoja na vile vikombe vinavyouweka mbali na nguzo. Hewa haiuzwi. Tena upepo unafanya kazi ya pili bila malipo, maana kila waya unaobeba stima hupata joto, na upepo huupoza mchana na usiku.

Ukiutia waya huo ardhini, hewa haipo tena. Udongo una unyevu, na unyevu hupitisha stima. Kwa hiyo hapana budi waya uvikwe ganda nene, kisha ganda la pili la kuzuia maji, na mara nyingi koti la nyuzi za chuma la kuukinga na mawe na majembe. Waya uliovikwa hivyo ndio tunaouita kebo. Udongo pia hauondoi joto upesi kama upepo, hivyo waya wa ndani ya kebo huwa mnene zaidi ili ubeba stima ile ile bila kuungua.

Kisha fikiri juu ya kuchimba. Mtaro wa mita 100, wenye kina cha sentimita 90 na upana wa sentimita 40, hutoa mita za ujazo 36 za udongo. Udongo huo huchimbwa, mchanga ukatandazwa, kebo ikalazwa, mchanga ukaongezwa, utepe wa kuonya ukawekwa, ndipo mtaro ukafukiwa na kushindiliwa. Penye mwamba ni lazima kuvunja mawe. Nguzo za nyaya ndogo zinazoingia majumbani, kwa upande wake, husimama kila baada ya mita 50 hivi. Kilomita nzima huhitaji mashimo kama 21, na mtu ye yote aliyewahi kuchimba mtaro wa maji ajua kwamba mashimo 21 si sawa na mtaro wa mita 1,000.

Ndiyo maana laini ya chini, kwa nyaya za aina inayofika mashambani, kwa kawaida hugharimu mara mbili hadi mara tano ya laini ya juu, kwa kutegemea udongo na unene wa kebo. Mjini gharama hiyo hugawanywa kati ya watu wengi sana, maana jengo moja la ghorofa lina wateja kuliko kijiji kizima. Katika nchi ya Uholanzi karibu nyaya zote ndogo na za kati zimefukiwa, mashambani pia. Lakini nchi ile ni tambarare, udongo wake ni laini, na nyumba zake zimekaribiana. Skimu yenye nyumba moja katika kila ploti, na bonde kati ya ploti na ploti, haina hesabu hiyo.

Hapa pana jambo la jirani yako. Mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulianza 1973, na ule wa kuwaunganisha watu walio karibu na transfoma, mpaka umbali wa mita 600, ulianza 2015. Katika mipango kama hii fedha zina mwisho. Fedha za kufukia kilomita moja zingeweza kusimamisha kilomita mbili, tatu, au zaidi. Skimu inayodai nyaya zote zifukiwe huenda ikapata laini nzuri inayofika kwenye kituo cha maziwa na shule tu, na watu wa mwisho wa skimu wakabaki na taa za mafuta.

Laini kubwa za kwenda mbali

Wengine wenu mmepitiwa na laini kubwa zaidi, zenye minara ya chuma, zinazobeba volti 132,000, au 220,000, au 400,000. Laini hizi hazikuletei stima wewe, zinapita tu. Hasira juu yake ni kubwa zaidi, na hatuwezi kusema kwamba haina sababu. Laini ya volti 132,000 huchukua ukanda wa upana wa mita 30, ya 220,000 kama mita 40, na ya 400,000 mita 60. Ikiwa laini ya volti 400,000 itakata shamba lako kwa urefu wa mita 200, ukanda wake ni mita za mraba 12,000, yaani karibu ekari 3. Hutajenga nyumba humo wala kupanda miti mirefu. Waweza kulima mboga, viazi, mahindi au ngano. Lakini miwa ya kuchomwa moto wakati wa kuvuna haifai, kwa sababu moto na moshi mzito huweza kuifanya stima iruke kutoka kwenye waya.

Kwa laini hizi gharama ya kufukia huweza kufika mara kumi ya gharama ya minara, au kuzidi. Tena kuna kizuizi kingine ambacho hata fedha hazikiondoi kwa urahisi. Stima yetu huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Kebo ndefu ya volti nyingi ni kama mpira mrefu wa kumwagilia maji: ni lazima ujae wenyewe kwanza ndipo maji yatoke upande wa pili. Stima inapogeuka kwenda na kurudi, kebo hujaa na kumwagika, ikajaa tena na kumwagika tena. Katika kebo fupi hasara hiyo ni kidogo. Katika kebo ya makumi ya kilomita, sehemu kubwa ya nguvu inayoweza kubebwa hutumika kuijaza kebo yenyewe, na ni lazima kujenga vituo vya kurekebisha njiani.

Kumbukeni laini ya kutoka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mpaka Suswa. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 400 na hubeba volti 400,000. Mashine 365 za upepo zilikuwa zimekwisha kusimamishwa 2017, lakini stima yake haikufika kwa wananchi mpaka 2018, kwa sababu laini ilikuwa haijamalizika. Mkandarasi wa kwanza alishindwa, na pia palikuwa na mabishano marefu juu ya ardhi na malipo. Katika umbali kama ule kufukia si jambo la kuzungumziwa. Mtu akikuambia kwamba ukikataa mnara wa laini kama hiyo utaletewa kebo ya chini, usimwamini. Lililo wazi kwako ni kuzungumza juu ya njia na juu ya fidia.

Ardhi iliyofichwa

Wakulima wengi hudhani kwamba nyaya zikifukiwa shamba lote linarudi mikononi mwao. Sivyo. Juu ya kebo haijengwi nyumba, haipandwi miti yenye mizizi mirefu, haichimbwi shimo la choo wala la nguzo ya ua. Ukanda wake ni mwembamba kuliko ule wa nyaya za juu, na mahindi yatamea juu yake bila shida, lakini haki ya kampuni ya stima kuingia na kuchimba ikibaki, ipo pale pale.

Tofauti ni kwamba nguzo huonekana na kebo haionekani. Baba aliyeonyeshwa mahali kebo ilipopita anaweza kukumbuka. Lakini mashamba ya skimu, hata yale yaliyogawanywa tangu 1962 chini ya mpango wa Ekari Milioni, yamekwisha kurithiwa na kugawanywa tena na tena, na vipande vingine vimeuzwa kwa wageni. Mjukuu anayechimba msingi wa nyumba yake hakuwapo siku kebo ilipolazwa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatari kubwa ya kufukia nyaya katika mashamba yetu, nayo haitajwi mara nyingi.

Plau ya ng'ombe haifikii kebo iliyofukiwa vizuri. Plau ya trekta nayo hukata sentimita 20 au 30. Lakini chuma cha kuvunja udongo mgumu wa chini huweza kushuka sentimita 50 au zaidi, na mvua inayochukua udongo wa mteremko huifanya kebo iwe karibu na juu kila mwaka. Udongo mweusi wa pamba hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ukaivuta kebo huku na huku mpaka maungio yake yakaachana. Mchwa nao hula ganda la plastiki.

Kuharibika na kutengenezwa

Nyaya za juu huharibika mara nyingi zaidi. Hilo ni kweli na kila mtu alijua usiku wa upepo. Matawi huanguka, radi hupiga, nguzo za mti huoza pale zinapotokea ardhini, na lori hugonga nguzo. Katika skimu za nyanda za juu adui wa kwanza ni mkaratusi, ule mnaouita blugamu, uliopandwa karibu mno na laini. Wengine wenu huupanda ili muuze nguzo zenyewe. Ni biashara nzuri, lakini mti wa mita 25 uliopandwa mita 8 kutoka kwenye waya siku moja utaliacha giza kijiji kizima.

Hata hivyo, nyaya za juu zikiharibika, fundi huona. Hutembea chini ya laini, akakuta tawi, akaliondoa, na stima ikarudi. Kebo huharibika mara chache, lakini ikiharibika hakuna kinachoonekana. Ni lazima mafundi waje na chombo cha kupima mahali penye kosa, wachimbe, wakaushe maji, kisha mtu aliyefundishwa kazi ya kuunga kebo afanye kiungio kwa uangalifu. Mjini watu hao wako karibu. Kwenye skimu iliyo mbali, na barabara yenye matope, kazi ya saa chache huweza kuwa ya siku kadhaa. Mwenye maziwa kwenye mashine ya kupoza ajua siku mbili bila stima maana yake ni nini.

Kwa nyaya ndogo za majumbani kuna njia ya katikati, nayo twaisifu. Ni nyaya zilizovikwa ganda jeusi na kusokotwa pamoja, zikapitishwa juu ya nguzo. Tawi likizigusa hazizimiki mara moja, na ni vigumu zaidi kwa mtu kujiunganishia kwa wizi. Fundi akikuuliza kama wataka nyaya tupu nne au za kusokotwa, sema za kusokotwa.

Juu ya hatari, kila upande una ya kwake. Waya wa juu huua mtu anayeinua kitu kirefu. Bomba la alumini la kunyunyizia maji lina urefu wa mita 6 hivi, na waya wa volti 11,000 huwa kama mita 6 kutoka ardhini. Ukilisimamisha bomba ili utoe panya au matope, umeufikia. Hali kadhalika ngazi ya kuchumia avokado na lori lililopakiwa nyasi kupita kiasi.

Waya ukianguka, usiukaribie, hata ukiwa umenyamaza bila cheche. Stima huenea ardhini kuuzunguka. Ng'ombe hufa mahali ambapo mtu pengine angepona, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na stima hupanda mguu mmoja ikashuka kwa mwingine kupitia kifuani. Ua wa seng'enge ulioguswa na waya huweza kuua mbali sana na pale waya ulipoanguka. Waondoe watoto, wazuie watu wasipite, na upige simu Kenya Power, nambari 97771. Usivute ng'ombe aliyeanguka.

Siku ya vigingi

Mpimaji wa laini akija huweka vigingi shambani. Hiyo ndiyo siku yako. Kuhamisha kigingi ni kazi ya dakika chache. Kuhamisha nguzo iliyokwisha simama, kwa kawaida, hulipwa na yule anayetaka ihamishwe, na si fedha kidogo. Sheria ya Nishati ya 2019 yataka mwenye ardhi aombwe idhini kabla ya laini kupitishwa katika ardhi yake. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi usiyoielewa, wala usiikatae bila kuisoma.

Uliza laini yapita wapi, na je, haiwezi kufuata barabara ya skimu au mpaka wa ploti mbili? Laini inayokata shamba kwa mshazari ni fupi kwa kampuni, lakini huacha pembe ambazo haziwezi kujengwa. Kama una watoto wanne na unafikiri kuwagawia, chora ugawaji huo kwanza, hata kwa kalamu ya risasi, umwonyeshe mpimaji. Uliza pia waya wa kushikilia nguzo utatia mguu wapi, kwa sababu watu hukumbuka nguzo wakausahau waya huo, nao ndio unaozuia trekta kugeuka. Yafaa kamati ya skimu ikae pamoja juu ya jambo hili kabla ya mpimaji kufika. Mkulima mmoja akiisukuma laini itoke kwake, itaingia kwa jirani.

Kipande chako mwenyewe

Sasa tufike mahali ambapo kufukia kwafaa kweli. Laini ya kampuni huishia kwenye mita yako. Kutoka hapo kwenda zizini, kwenye pampu au kwenye mashine ya kukata majani ya ng'ombe ni kazi yako na gharama yako. Uani mwa mkulima hupita lori la maziwa, trekta na watoto wenye fito, na waya uliofungwa juu ya miti ya ua ni hatari ya kila siku. Mita 30, 60 au 100 za kebo yenye koti la chuma si gharama ya kutisha, na mtaro unaweza kuchimbwa na watu wa nyumbani.

Kazi ya kuunga iachie fundi mwenye leseni ya EPRA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo. Kebo ilazwe kina cha sentimita 60 uani, na sentimita 90 panapolimwa. Isiwekwe katika mtaro mmoja na bomba la maji.

Usipunguze unene wa waya ili kuokoa fedha. Mota ya nguvu ya farasi 3 huvuta kama ampea 14. Ukiipelekea stima umbali wa mita 100 kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, volti 240 zitafika kama 215, na wakati wa kuanza zitashuka zaidi. Mota itanguruma bila kuzunguka, kisha itaungua. Kwa waya wa milimita za mraba 10 utapoteza volti 6 tu.

Kabla ya kufukia, pima kwa futi kamba kutoka kwenye pembe ya nyumba na kutoka kwenye jiwe la mpaka mpaka kila kona ya mtaro. Chora picha yake, uandike vipimo na tarehe, na kila mwenye kuchimba shambani mwako umwonyeshe. Weka vijiti vya saruji juu ya njia ya kebo, kimoja kwenye kila kona. Picha yenyewe iweke katika bahasha moja na hati ya shamba, ili atakayeipokea hati aipokee na picha.